Kila Jumanne Marekani inatoa hataza (patent) mpya kwa maelfu. Nyingi hazikubani wewe uliye huku (uzi mrefu)

#1 Mchoraji_Gerezani

Wakuu, habari za muda huu.

Wiki hii kwenye magrupu ya WhatsApp imezunguka tena ile habari ya "kampuni fulani imepewa hataza ya kitu fulani, sasa dunia nzima itawalipa". Mara ni betri, mara ni mbegu, mara ni simu ya kukunja. Kuna fundi namfahamu kasimamisha kazi aliyokwisha kuianza kwa sababu mteja alimtumia picha ya hataza ya Mmarekani na maneno mawili: "tutashtakiwa hii". Mimi nachorea mafundi michoro ya mashine, na nyaraka za hataza nazifungua karibu kila siku. Si mwanasheria, niliweke hilo wazi. Ila kumwona mtu anaacha riziki kwa karatasi ambayo haimhusu kumeniuma, ndiyo maana nimekaa kuandika.

Hizi hataza mpya zinatoka wapi? Ofisi ya hataza ya Marekani, USPTO, siku yake ni Jumanne. Jumanne moja inatoa kama elfu sita hivi, kwa mwaka zaidi ya laki tatu. Ofisi ya Ulaya, EPO, yenyewe siku yake ni Jumatano. China inatoa nyingi kuliko wote hao. Hataza ya Marekani namba milioni 10 ilitoka tarehe 19 Juni 2018, wakaipata Raytheon, mambo ya kupima umbali kwa leza. Milioni 11 ikatoka Mei 2021, hiyo ya valvu ya moyo. Yaani hataza milioni moja ndani ya muda usiofika miaka mitatu, nchi moja tu.

Kwa hiyo ukisoma kwamba fulani kapata hataza, jua siku hiyohiyo kuna maelfu wengine wamepata: ya brashi ya meno, ya siti ya ndege, ya lishe ya kuku, ya programu ya simu. Hataza haithibitishi kwamba kitu kinafanya kazi vizuri au kitaingia sokoni. Ofisi imeridhika tu kwamba kitu ni kipya, kwamba mtaalamu wa kawaida wa fani hiyo asingekifikia kirahisi, na kwamba kinaweza kutumika. Na mwenye nayo anapewa haki ya kuwazuia wengine. Yeye mwenyewe anaweza kuwa nayo mkononi na bado asiruhusiwe kukitengeneza, kwa sababu ndani ya mashine yake kuna kipande chenye hataza ya mtu mwingine.

Tufungue moja tuione. Nimechagua ya chakula kwa sababu haihitaji uhandisi. Hataza ya Marekani namba 6,004,596, ya tarehe 21 Desemba 1999. Kichwa chake ni sandwichi iliyozibwa pembeni, isiyo na ganda la mkate. Ndiyo, sandwichi. Wenyewe ni Smucker's, wale wa jemu.

Mtu akisoma kichwa anasema "wamehodhi sandwichi!" Sasa usiishie kwenye kichwa wala kwenye muhtasari wa ukurasa wa mbele. Shuka mpaka mwisho kabisa, kwenye sehemu ya madai, yale yenye namba 1, 2, 3. Hapo ndipo mpaka wa shamba ulipo. Dai la kwanza linataka vitu vyote hivi viwepo kwa pamoja: vipande viwili vya mkate, siagi ya karanga upande wa juu na wa chini, jemu katikati ikiwa imezungukwa na siagi hiyo ili isilowanishe mkate, na kingo zilizobanwa zikashikana. Ukitoa kimoja kati ya hivyo, kwa kawaida umeshatoka nje ya dai. Kuna duka la Michigan liliandikiwa barua na hao jamaa mwaka 2001, likagoma, mambo yakafika mahakamani. Mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya huko ikakataa maombi yao mengine ya kutanua haki hiyo, na baadaye ofisi ileile iliyotoa hataza ikaipitia upya na kuyafuta madai. Kwa hiyo hata iliyotolewa si Msahafu.

Kwenye ukurasa wa mbele angalia herufi zinazofuata namba. A1 maana yake ni ombi tu limechapishwa, na maombi kwa kawaida huchapishwa miezi 18 baada ya kupelekwa, yapite yasipite. B1 au B2 kwa Marekani ndiyo iliyotolewa. Nusu ya zile picha zinazozunguka WhatsApp ni A1! Mtu kaomba, hajapewa, na wewe huku umeshaanza kutetemeka. Namba ikianza na WO ndiyo balaa zaidi, watu wanaiita "hataza ya dunia". Hakuna kitu hicho. WO ni ombi la kimataifa kupitia mkataba wa PCT, linampa mwombaji muda, miezi 30 au 31 hivi, wa kuamua aende kuomba nchi zipi. Asipoingia nchi yako, huku kwako hana kitu.

Na hapa ndipo ulipo moyo wa uzi wangu. Hataza ni ya nchi. Hataza ya Marekani inafanya kazi Marekani. Ya Ujerumani, Ujerumani. Ili ikubane wewe uliye Dar au Dodoma, lazima iwe imesajiliwa BRELA, au imepitia ARIPO, shirika la pamoja la hataza la nchi kadhaa za Afrika, kule Harare na Tanzania ikiwa kwenye orodha ya nchi alizotaja mwombaji. Zanzibar wana ofisi yao, BPRA, na sheria yao ya 2008. Kenya ni KIPI, Uganda ni URSB, Rwanda ni RDB, na wote hao wamo ARIPO pia. Namba za ARIPO zinaanza na AP. Sasa jiulize, kati ya zile elfu sita za Jumanne, wangapi wanahangaika kulipia Harare? Wachache sana. Wanakwenda China, Ulaya, Japani, India, kwenye masoko yao na kwa washindani wao. Iliyobaki, kwa huku kwetu, ni elimu ya bure iliyochorwa vizuri.

Elimu kweli, sitanii. Sheria inamlazimisha mwombaji aeleze uvumbuzi wake kiasi kwamba mtu wa fani hiyo aweze kuutengeneza. Kuna moja niliifungua ya mashine ya kupukuchua mahindi: mchoro wa kwanza mashine nzima, wa pili ngoma imefunguliwa, kila kipande kina namba. Unashuka kwenye maelezo, jamaa anakwambia jino limelazwa kidogo kurudi nyuma ili punje isipasuke, na nafasi kati ya jino na wavu kaitaja kwa milimita. Hicho ndicho mafundi wetu wanakitafuta kwa kukata, kuchomelea, kujaribu na kukata tena. Mashine inapasua mahindi, mteja anarudisha, fundi anabahatisha upya. Jibu lipo kwenye karatasi ya mtu ambaye hata soko la mahindi la Kibaigwa halijui.

Halafu kuna suala la muda. Miaka 20 tangu tarehe ya kupeleka ombi, siyo tangu kutolewa. Na katikati lazima ilipiwe, usipolipa inakufa. Marekani ada hizo zinadaiwa mwaka wa 3 na nusu, wa 7 na nusu na wa 11 na nusu, na wengi wanaziachia njiani kwa sababu bidhaa haikuuzika. Unakuta hataza ina miaka minane tu na ni marehemu.

Mfano mzuri wa hataza iliyokufa ni printa za 3D, zile za kuyeyusha plastiki na kuipanga tabaka kwa tabaka. Hataza yake, namba 5,121,329 ya Scott Crump wa Stratasys, ilitolewa Juni 1992 na kuisha 2009. Kabla ya hapo mashine hizo zilikuwa za viwanda vyenye hela. Ilipokufa watu wengi wakaingia kuziunda gereji, bei ikaporomoka, na mwaka 2013 kule Togo Afate Gnikou akaunda yake kwa vipuri vya kompyuta na skana zilizotupwa jalalani.

Pa kutafutia: Google Patents, Espacenet ya EPO (nyaraka zaidi ya milioni 150), na Patentscope ya WIPO, shirika la Umoja wa Mataifa la miliki bunifu. Zote bure, simu inatosha ila michoro ifungulie kompyuta. Swali lolote leteni.

#2 Mzee_wa_Kaunta

Mkuu umeandika vizuri ila naona unatuchosha na vitu vya wazungu. Kariakoo hapa nani anauliza hataza? Mchina analeta, Mbongo anakopi, maisha yanaenda. Nani kashawahi kufungwa?

#3 Mchoraji_Gerezani

Mzee wangu shikamoo. Kesi za hataza huku ni chache kweli, sikatai. Ila wewe unafikiria kufungwa, mimi nafikiria upande wa pili: watu wanaacha kutengeneza vitu ambavyo ni halali kabisa kuvitengeneza. Na mteja mkubwa, labda halmashauri au shirika la wafadhili, akikuuliza "hii si ya kuiba?", yule wa "nani anauliza" hana jibu. Mwenye karatasi ya Espacenet anaitoa, anaonyesha hamna AP wala TZ, zabuni inasonga.

Na usichanganye. Kukopi umbo la pikipiki pamoja na nembo yake ni kesi nyingine, hiyo ni alama ya biashara, na hizo huku zinasajiliwa kwa wingi na bidhaa bandia zinakamatwa na kuteketezwa. Hataza ikikosekana au ikifa, haikupi ruhusa ya kutumia jina la mtu.

#4 JuaKaliNbo

Salamu kutoka Nairobi wakuu. Niko Kamukunji, upande wa bati. Mleta uzi umenena, lakini umeongea kana kwamba hatari ni moja tu, sisi kuogopa za kwao. Kuna nyingine, wao kuja kuchukua za kwetu.

Mfano ni Ziwa Bogoria na maziwa mengine ya magadi hapa Bonde la Ufa. Mwaka 1992 wanasayansi walichukua vijidudu vinavyoishi kwenye maji yale makali ya moto, vikaishia kwa kampuni ya Genencor. Vimeng'enya vilivyotokana navyo vikaingia kwenye sabuni za kufulia na kwenye viwanda vya kuchakaza jinzi, zile jinzi mpya zinazoonekana zimechakaa. Hataza zikachukuliwa huko nje. Mwaka 2004 KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, wakajitokeza hadharani wakidai Kenya ipewe mgao, wakisema vibali havikuwa sawa. Upande wa pili ukashikilia kwamba ruhusa ilikuwepo. Sasa angalia tarehe vizuri: ule mkataba wa kimataifa wa bayoanuwai unaosema viumbe ni mali ya nchi vilikotoka ulianza kutumika mwisho wa 1993. Vijidudu vilishaondoka!

Kisha tukumbuke na kikoi. Kuna kampuni ya Uingereza ilitaka kulihodhi jina hilo kule, watu wakapiga kelele 2007 hadi ombi likaachwa. Hiyo ilikuwa alama ya biashara, lakini hapa mtaani hadi leo utasikia "Mwingereza alipatent kikoi".

Upande mwingine, jiko letu la kauri, lile lenye kiuno, lilitokana na jiko la ndoo la Thailand mwanzoni mwa miaka ya 1980. Hakuna aliyelifunga kwa hataza. Ndiyo sababu hapa Kamukunji kila mtu mwenye nyundo na bati analitengeneza, na limeingia nchi nyingi za Afrika. Sasa sijui nimshukuru aliyeliacha wazi ama nimhurumie, kwa sababu hata lile bovu la kauri kupasuka wiki ya kwanza linaitwa jina lilelile.

#5 Mwana_wa_Tanga

Wanatuibia hawa, tuache kujifariji. Mwarobaini si waliuchukua? Manjano si waliichukua? Bibi zetu wametia manjano kwenye vidonda miaka na miaka, leo Mzungu anasema kavumbua yeye.

#6 Mchoraji_Gerezani

Mwana wa Tanga, hizo kesi mbili nazijua na zote zilifutwa. Ngoja niziweke sawa maana namna zilivyofutwa ina somo.

Manjano: hataza ya Marekani namba 5,401,504, ilitolewa Machi 1995 kwa chuo kikuu cha Mississippi, upande wa tiba. Dai lenyewe, ukilisoma, ni kuponya kidonda kwa kumpa mgonjwa unga wa manjano. Basi! Wavumbuzi waliotajwa wenyewe ni watu wenye asili ya India. Baraza la utafiti la India, CSIR, chini ya mkuu wake Mashelkar, likapinga. Likapeleka maandiko 32, mengine ya Kisanskriti ya zamani, na mojawapo makala ya mwaka 1953 kwenye jarida la chama cha madaktari wa India. Mwaka 1997 ofisi ikakubali kwamba hakukuwa na jipya.

Mwarobaini: EPO mwaka 1994 iliwapa kampuni ya W.R. Grace pamoja na wizara ya kilimo ya Marekani hataza ya kuzuia kuvu kwenye mimea kwa mafuta ya mwarobaini. Mwanaharakati wa India Vandana Shiva na wenzake wakaipinga, ikafutwa mwaka 2000, wakakata rufaa, ikazikwa rasmi Machi 2005. Waethiopia nao na nafaka yao ya teff: kampuni ya Uholanzi ikapata hataza ya Ulaya mwaka 2007 juu ya unga wa teff, na mahakama ya The Hague ikaitamka batili mwishoni mwa 2018. Miaka kumi na moja hiyo.

Sasa tazama India walishinda kwa nini. Walikuwa na maandishi. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilikuwa inasema hivi: kitu kikijulikana au kutumika ndani ya Marekani kinahesabika, lakini kikitumika nje ya Marekani bila kuchapishwa, hakihesabiki. Bibi yako wa Tanga angesimama mbele yao na kundi la mashahidi, wasingemsikia! Hilo lilibadilika Machi 2013, sheria mpya ya huko ilipoanza kazi, na sasa matumizi ya hadharani popote duniani yanauondolea uvumbuzi sifa ya kuwa mpya. Lakini mkaguzi ameketi Virginia na kompyuta yake, atajuaje kinachofanyika Muheza kama hakikuandikwa popote anapoweza kutafuta? India waliliona hilo, mwaka 2001 wakaanza hifadhidata ya tiba zao za asili na kuwafungulia wakaguzi wa hataza waisome. Sisi tumeweka vyetu vichwani mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Mei 2024 Geneva umepitishwa mkataba mpya wa WIPO, mwombaji atatakiwa kutaja nchi ambako rasilimali ya kijenetiki imetoka, au jamii iliyotoa ujuzi wa asili. Ni hatua. Unahitaji nchi 15 ziuridhie ndipo uanze kazi, na kutaja asili si sawa na kulipa. JuaKaliNbo, Bogoria isingelipwa kwa mkataba huo peke yake.

#7 Kipara_wa_Ilala

Mimi nimekuja kucheka tu. Si kuna jamaa Australia alipewa hataza ya gurudumu? GURUDUMU. Nimeona mahali.

#8 Mchoraji_Gerezani

Ni kweli, mwaka 2001. Ilikuwa ile hataza ndogo ya Australia iliyokuwa inatolewa bila kukaguliwa kwanza, na John Keogh aliomba makusudi ili kuwaumbua, akaliita kifaa cha mduara cha kurahisisha usafiri. Marekani nako Aprili 2002 mtoto mdogo alipata hataza ya kubembea kwa kwenda upande badala ya mbele na nyuma. Baba yake alikuwa wakili wa hataza. Baadaye ikapitiwa upya na madai yakakataliwa. Wakaguzi nao ni watu, wana rundo la mafaili na saa chache kwa kila faili.

#9 Mfamasia_Mwanza

Wakuu, nimesoma kimya mpaka nimefika hapa kwenye vichekesho, ngoja niingize la kwangu kwa sababu kwenye dawa hataza haichekeshi.

Mwaka 2000 dozi ya ARV ya mwaka mmoja ilikuwa zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa. Februari 2001 Cipla ya India wakasema wataitoa kwa dola 350. Waliwezaje? India kwa sheria yake ya 1970, mpaka 2005, haikuwa inatoa hataza kwa dawa yenyewe, inatoa kwa njia ya kuitengeneza tu. Mhindi akitafuta njia nyingine anaitengeneza kihalali kabisa kwao. Hapo ndipo neno la mleta uzi, "hataza ni ya nchi", lilipookoa watu tunaowajua kwa majina. Kenya mwaka huohuo 2001 wakapitisha sheria iliyofungua mlango wa kuziingiza hizo za bei nafuu.

Nchi zilizo kwenye kundi la maskini zaidi, Tanzania na Uganda tukiwemo, tuna msamaha wa WTO, shirika la biashara duniani, wa kutolazimika kulinda hataza za dawa mpaka 1 Januari 2033. Kenya haimo kwenye kundi hilo. Ila msamaha wa mkataba haujitekelezi, lazima sheria ya nchi iuchukue. Uganda waliuandika kwenye sheria yao ya 2014, na kiwanda cha Quality Chemical kipo pale Kampala kinatengeneza ARV.

Ya sasa hivi inayostahili macho yenu ni lenacapavir, sindano ya kuzuia VVU, mara mbili tu kwa mwaka. Jaribio lililofanyika Uganda na Afrika Kusini, kati ya wasichana na wanawake vijana zaidi ya 2,000 waliochomwa hiyo, hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Bei yake Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Mwenye hataza ni Gilead. Oktoba 2024 wakatoa leseni kwa viwanda sita waitengeneze kwa ajili ya nchi 120 bila kulipa mrabaha, na Septemba 2025 ikatangazwa kwamba ya viwanda hivyo itakuwa dola 40 kwa mwaka kuanzia 2027. Dawa ileile jamani. Baadhi ya nchi za kipato cha kati zilizoshiriki kuijaribu, Brazil mojawapo, zimeachwa nje ya orodha ya 120.

Kwa hiyo ndugu yangu mchoraji, kwenye mashine sawa, lakini kwenye dawa usimwambie mtu "angalia tu kama kuna AP". Dawa moja inaweza kuwa na hataza ya molekuli, nyingine ya chumvi yake, nyingine ya kidonge, nyingine ya namna ya kuitumia, na kila moja ina tarehe yake ya kufa.

#10 Mchoraji_Gerezani

Mfamasia, ahsante sana, hilo la mwisho nalipokea lote. Hata kwenye mashine lipo kwa kiasi chake.

#11 Dada_Dagaa

Kaka mchoraji, habari. Mimi nina kikaushio cha dagaa cha jua nimekibuni, kina namna yake ya kupitisha hewa ili dagaa wasioze wakati wa mvua. Nataka kukipeleka Nane Nane na kuna kituo cha TV wameniomba kuja kurekodi. Hataza niombe kabla au baada? Watu wananiambia nikionekana kwanza ndiyo nitapata wafadhili wa kulipia.

#12 Mchoraji_Gerezani

Dada KABLA. Tafadhali sana.

Upya unauawa na mvumbuzi mwenyewe kuliko na mwizi. Ukieleza kwenye TV hewa inapita wapi, au ukiuza kimoja, au ukaweka video inayoonyesha ndani, unaweza kuwa umeshakitoa hadharani. Marekani wanakupa mwaka mmoja wa kujirekebisha. Ulaya karibu hakuna msamaha wowote. Sheria za huku zina nafasi yake finyu, usijenge mpango wako juu yake. Ombi lipelekwe kwanza BRELA, upate tarehe. Ukishaipata, una miezi 12 ya kwenda nchi nyingine na ukahesabiwa tarehe ileile ya kwanza. Ndani ya miezi hiyo ndiyo nenda Nane Nane, nenda TV, tafuta wafadhili, ukiona soko halipo huko nje huendi, hela yako imepona.

Ukilazimika kumwonyesha mtu kabla, msainishane karatasi ya kutunza siri. Na usimwite mtangazaji ndani ya kikaushio. Aone dagaa wakavu, aonje, apige picha kwa nje, basi.

Kingine, kama ulichokifanya ni boresho dogo la kitu kilichopo, uliza kuhusu cheti kidogo cha maboresho badala ya hataza kamili. Kenya kinadumu miaka 10, na sheria ya bara pia ina cha namna hiyo. Masharti yake ni mepesi. COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, wana watu wa kuwaelekeza wabunifu, anzia hapo kabla hujamlipa dalali yeyote. Na kabla ya yote ingia Espacenet utafute vikaushio vya jua vya samaki, vipo vingi mno. Soma madai yao uone chako kinatofautiana wapi. Sehemu ya kupitisha hewa ndiyo utakayoidai.

#13 Mzee_wa_Kaunta

Sasa hapo umenigusa. Binti, sikiliza huyo.

#14 Pwani_Mombasa

Mie nina swali la mwisho. Twatengeneza mashine ya kukuna nazi, tumeiona hataza ya Marekani yafanana nayo, B2, ya 2016. Hapa Kenya KIPI tumetafuta, hakuna, ARIPO hakuna. Sasa nina jamaa Muscat ataka ishirini, na mwengine yuko Ujerumani ataka mbili za mkahawa wake. Naweza kupeleka?

#15 Mchoraji_Gerezani

Kaka, kutengeneza na kuuza Kenya kwa maelezo hayo uko huru. Mzigo ukivuka mpaka, swali linaanza upya kwa kila nchi unakoshukia. Kwenye Espacenet, ukiifungua hiyo B2, kuna orodha ya ndugu zake, yaani hataza za uvumbuzi uleule nchi nyingine. Tafuta herufi za nchi: OM kwa Oman, GC kwa nchi za Ghuba kwa pamoja (Oman ikiwemo), DE kwa Ujerumani, EP kwa Ulaya. Ukiona EP, angalia kama imetolewa au ilikuwa ombi tu, na kama Ujerumani inalipiwa mpaka leo. Ya 2016 huenda hata kwao Marekani imeshaachiwa, angalia ile ada ya mwaka wa 7 na nusu.

Kwa ishirini za Muscat ukikuta OM hakuna na GC hakuna, sioni shida upande huo. Kwa zile mbili za Ujerumani, kama DE ipo hai, linganisha madai neno kwa neno na mashine yenu: je wao wanadai kisu kinachozunguka, au kisu pamoja na kishikio cha kifuu? Kama kishikio chenu ni tofauti huenda mko nje, lakini hapo ndipo pa kumlipa wakili wa Ujerumani saa moja, siyo mimi. Namba ya hataza iweke hapa tuifungue wote. Mchoro wa kishikio chenu usiuweke.